Zana za Kale Zisipotee

Katika nyumba nyingi za vijiji vyetu kuna pembe moja nyuma ya mlango ambapo huwekwa vitu visivyotumika tena: jembe lililoliwa na ardhi hata likabaki kama kiganja cha mtoto, shoka lisilo na mpini, tezo iliyopata pengo, randa ya babu aliyekuwa seremala. Vitu hivi hukaa kimya miaka mingi. Kisha siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Hutolewa vyote, hupimwa kwa kilo, na jioni havipo. Fedha iliyopatikana haitoshi kununua jembe jipya moja. Basi nataka leo tufikiri pamoja juu ya vitu hivyo: vilitoka wapi, nani alivifanya, na kwa nini yafaa tuvikusanye na kuvitunza kabla havijaisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa upande wa kusini, kuelekea Ufipa, alinionyesha jembe la kale lililofuliwa kwa mkono. Lilikuwa limefunikwa na kutu. Nikamwomba anipe nilisafishe, naye akakubali. Nikalisugua siku mbili kwa tupa na msasa, hata likang'aa kama kisu cha dukani, nikamrudishia kwa furaha. Mzee akaligeuza mikononi mwake mara nyingi, wala hakusema neno. Mwishowe akaniambia, “Mwalimu, ahsante kwa kazi yako. Lakini umefuta maandishi.” Nikamwuliza, “Maandishi gani, babu? Mimi sikuona herufi.” Akajibu, “Alama za nyundo. Kila mhunzi alikuwa na mkono wake. Nilikuwa nikilitazama jembe hili namjua aliyelifua. Sasa simjui tena.”

Maneno hayo yalinitia haya, maana mimi ni mtu wa kufundisha kusoma, na kitabu kile sikukisoma. Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza habari za zana za kale za nchi hii, nami nawaeleza yale niliyoyapata.

Mkoa wetu wa Katavi ulitengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, lakini watu na biashara zao hawakuwa na mpaka huo. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walikuwa na jirani zao wa kusini, Wafipa, na Wafipa walisifiwa mbali kwa kazi ya chuma. Jembe lilikuwa mali kuu. Lililimia shamba, lilinunua mbuzi au nguo, na katika nchi nyingi za magharibi mwa Tanganyika lilikuwa sehemu ya mahari. Mtu aliyekuwa na majembe ya akiba ndani ya nyumba alihesabiwa kuwa ana kitu.

Chuma hicho hakikutoka ng'ambo, kilitoka katika mawe ya nchi yenyewe. Wafipa walijenga tanuru refu la udongo, ambalo waliliita ilungu, na yakiwa mengi huitwa malungu. Urefu wake ulikuwa yapata meta 3, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Chini, kulizunguka tanuru, kulikuwa na matundu mengi, na ndani ya matundu hayo walichomeka mirija ya udongo. Juu walijaza makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka. Wakiisha kutia moto, hawakuvukuta. Kwa sababu ya urefu wa tanuru, hewa ya moto ilipanda juu na kuvuta hewa nyingine ndani kwa matundu ya chini, kama bomba la moshi lifanyavyo. Moto uliwaka hivyo siku kadhaa, mchana na usiku.

Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka. Kwa hiyo walikivunja vipande, wakakitia katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, na hapo sasa walitumia mivukuto. Ndipo mhunzi akapokea bonge safi, akaliweka juu ya fuawe ya jiwe, akalipiga kwa nyundo ya jiwe, na baadaye kwa nyundo ndogo ya chuma, hata likawa jembe. Jembe la namna hii halikuwa na tundu la mpini. Lilikuwa na msuka, yaani mkia mwembamba wa chuma uliochomekwa katika kichwa kinene cha mpini. Ukiona jembe la msuka lenye alama za nyundo na uso usio sawa, ulichunguze kwa makini, maana huenda halikutoka kiwandani.

Kazi hiyo ilikuwa na bwana wake aliyejua yote, na ilikuwa na miiko mingi. Tanuru jipya lilitazamwa kama bibi arusi, likapambwa. Mafundi walikaa mbali na wake zao wakati wa kuyeyusha, na dawa ziliwekwa chini ya tanuru. Baadhi yetu Wakristo tukisikia hayo huona aibu, na kusema afadhali yasahauliwe yote. Mimi sioni hivyo. Kuandika habari ya mwiko si kuufuata. Tena katika kazi ile miiko na maarifa vilifungwa katika mzigo mmoja, na waliotupa mzigo kwa ajili ya dawa walitupa na elimu ya udongo, ya makaa na ya moto. Miti gani ilitoa makaa makali? Udongo gani haukupasuka? Mambo hayo yalikuwa katika kichwa cha fundi, na fundi akifa bila kuulizwa, yamekwenda naye.

Wengine walifahamu hatari hiyo mapema. Mwaka 1937 habari za matanuru ya Wafipa zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda, alichunguza nchi ya kando ya Ziwa Tanganyika kusini kwetu, akaonyesha kwamba uyeyushaji wa chuma huko haukuwa wa namna moja, bali wa namna tatu: wa matanuru mafupi yaitwayo katukutu, wa malungu marefu, na wa Barongo, mafundi waliotoka upande wa kaskazini. Alisoma hayo katika mabaki ya matanuru, vipande vya mirija, na mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani, ambayo mkulima huyapiga teke bila kujua ni nini. Kwa yule ajuaye kusoma, hata takataka ya mhunzi ni ukurasa.

Sasa tutazame jinsi zana za kigeni zilivyoingia. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold II, wakiongozwa na Cambier, walijenga kituo Karema, kando ya ziwa. Mwaka 1885 kituo kile kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Katika misioni za shirika hilo walikuwako pia mabruda, yaani watawa wasio mapadre, na kazi yao ilikuwa ujenzi, useremala na kilimo. Kwa njia ya watu kama hao vijana wa bara walizoea msumeno, randa, patasi, keekee, jiriwa na timazi. Hizo nazo sasa ni zana za kale. Randa iliyoshikwa na seremala mmoja miaka 40 huwa na shimo dogo pale kidole gumba kilipokaa, na shimo hilo halikutoka ng'ambo. Ni alama ya mwenyeji.

Pamoja na hizo yalikuja majembe ya viwanda. Yalikuwa rahisi na mengi, wala hayakuhitaji makaa wala siku za kukesha. Tena kodi ya serikali ilitaka fedha, na vijana wengi wakaenda kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya mkonge na migodini. Nani angebaki kukata miti ya makaa na kulinda tanuru? Hivyo moto wa malungu ukazimika. Wahunzi hawakuisha wote, lakini waliobaki waliacha mtapo, wakafua vyuma vya magari yaliyokufa. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipochagua jembe la dukani. Nasi tungefanya vivyo hivyo. Wahenga wanatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kosa halikuwa kununua kipya, ila kukiacha cha zamani bila hata kukiandika.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma habari ya nchi isiyokuwa na mhunzi hata mmoja, hata watu wake wakalazimika kushuka kwa adui zao ili kunolewa majembe na mashoka. Mara nyingi tunasoma habari ile kama habari ya vita tu. Nionavyo, ni habari ya ufundi pia. Taifa lisiloweza kunoa jembe lake hungoja ruhusa ya mwingine ili kulima.

Kiswahili chetu hutumia neno moja, chombo, kwa kifaa cha kazi na kwa merikebu pia. Basi niwape mfano wa chombo kikubwa, ambao watu wa Ikola na Karema wanaujua vizuri. Mwaka 1913 Wadachi waliunda meli huko Papenburg, katika nchi yao. Wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakavileta Dar es Salaam, na kwa reli hata Kigoma. Hapo mafundi wakaiunganisha upya, ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, kwa jina la Goetzen. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wadachi walipolazimika kuiacha Kigoma, waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake mafuta mazito.

Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena mwaka 1920. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo yake ingali yafaa kutengenezwa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa. Injini zake za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970 zilipobadilishwa kwa za dizeli, na meli yenyewe iliendelea kuchukua watu, samaki na mahindi kwa zaidi ya miaka 80. Fikiri, msomaji: miaka mingi chini ya maji, na kutu haikuishinda, kwa sababu mafundi wenye ujuzi walijipa taabu ya kupaka mafuta siku ya kushindwa. Kitunze kikutunze.

Mpanda mjini nako kuna funzo, ila ni la upande wa pili. Mji huo ulikua kwa ajili ya mgodi wa risasi, na kwa ajili yake ililetwa reli ya tawi kutoka Kaliua, yapata kilometa 210, iliyokamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, mji ukabaki. Lakini kazi ya mgodi ina zana zake nyingi: sururu, sepetu, taa, nyundo na patasi za kupigia mwamba, na kila kimoja kina jina ambalo wachimbaji walikiita wao kwa wao. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa, leo amepita miaka 80. Ikiwa katika mtaa wenu yuko mzee wa namna hiyo, mwendee wiki hii. Usingoje likizo.

Je, yawezekana watu wa kawaida kukusanya vitu hivi? Naam, imekwisha fanyika. Huko Mbala, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kuna jumba la makumbusho liitwalo Moto Moto, kwa jina la utani la Askofu Joseph Dupont. Asili yake ni vitu alivyokusanya padre mmoja, Jean-Jacques Corbeil, alipokuwa akifanya kazi kati ya Wabemba, na katika miaka ya 1970 vikawa mali ya taifa lile. Karibu na Mwanza, huko Bujora, Padre David Clement pamoja na Wasukuma wenyewe walijenga makumbusho ya mambo ya Kisukuma, na ndani yake mna nyumba ya mhunzi. Wasukuma wengi waliohamia Katavi na ng'ombe wao wana ndugu wanaoweza kwenda kuitazama. Mapadre hao hawakuanza na jumba kubwa. Walianza kwa kuuliza, “Hiki ni nini?” na kuandika jibu.

Sasa niseme jinsi ya kufanya, ili mtu mwingine asirudie kosa langu.

Kwanza, kabla ya kusafisha, uliza. Mwenye chombo akueleze jina lake kwa lugha ya kwao, nani alikitumia, kwa kazi gani, na kilipatikana wapi. Andika yote siku ile ile katika daftari, ukifunge chombo kijikaratasi chenye namba. Jembe lisilo na habari zake ni kipande cha chuma tu, na mnunuzi wa chakavu atakuwa na haki ya kulipima kwa kilo.

Pili, tofautisha chombo cha kurudishwa kazini na chombo cha kushuhudia. Randa au msumeno wa babu, ambao wa namna yake uko mwingi, waweza kuunoa na kuutumia, na hivyo kuuheshimu. Lakini jembe lililofuliwa kwa mtapo wa nchi hii halifuliwi tena. Usilinoe, usilitie motoni kulinyosha, wala usilipige msasa. Moto hubadili ugumu wa chuma, na msasa hufuta alama za nyundo.

Tatu, kutu iondolewe kwa upole. Kung'uta udongo kwa brashi laini iliyo kavu. Kutu inayobanduka ilainishe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha uifute kwa kitambaa. Ile iliyoshikamana na kuwa nyeusi iache, maana haidhuru kitu. Chuma kikiisha kukauka, kipake mafuta kidogo, au nta iliyoyeyushwa. Sisi wa nchi ya Inyonga na Mlele tunauza asali na nta hata mbali. Haifai vyombo vyetu vikose nta ya kuvilinda.

Nne, adui wa mti ni mchwa na unyevu. Usilaze mpini juu ya ardhi, utundike. Mpini wa zamani ukivunjika, usiutupe. Mpini hulainishwa na mikono ya watu, na pengine ndio unaoeleza zaidi kuliko chuma chenyewe.

Tano, matanuru ya kale, mirija na chungu za mavi ya chuma viacheni mahali pake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, wala hairuhusiwi kuchimba mahali pa kale bila kibali. Ukikuta tanuru shambani, lizungushie miti ng'ombe wasilikanyage, umpashe habari mwenyekiti wa kijiji, naye awapelekee wenye kazi hiyo. Kipande cha mrija kilichohamishwa ni kama neno lililotolewa katika sentensi, hakielezi tena.

Kazi hii yote haihitaji fedha nyingi. Kabati moja la shule, daftari moja, chupa ya mafuta, na watoto wenye kuuliza. Walimu wenzangu, tukiwatuma watoto nyumbani waulize habari za chombo kimoja tu kila mmoja, katika mwaka mmoja shule moja itakuwa na kitabu ambacho hakuna duka liwezalo kutuuzia. Hata mtoto ambaye hatakuwa mhunzi atajua kwamba babu zake walitoa chuma katika mawe kwa akili zao. Hilo litamfaa siku atakaposikia kwamba kila kitu cha maana lazima kitoke mbali.

Namalizia na yule mzee wangu. Nilirudi kwake mwaka uliofuata na daftari. Nikamwambia, “Babu, nilifuta maandishi, lakini wewe uliyasoma kabla sijayafuta. Niambie yalisema nini.” Akacheka, akanikaribisha kigoda, akaanza kutaja majina: jina la mhunzi, jina la baba yake, na jina la kilima walikochimba mtapo. Tulikaa mpaka jua likatua. Mkono wa yule fundi hauonekani tena juu ya lile jembe, lakini jina lake sasa limeandikwa. Mzee mwenyewe hayupo tena leo. Ningechelewa mwaka mmoja zaidi, ningelikuta jembe linang'aa, wala hakuna wa kulisemea.